Suruali ya Usiku na Mchana

Kabla ya alfajiri, simu ilitetemeka juu ya kopo la vifungo. Vifungo vikalia ndani ya kopo, krr, krr, kama panya anayetafuna kuni. Mwalimu wa ushonaji alinyoosha mkono gizani ili aikamate, mumewe asiamke. Alikuwa amechelewa.

"Kopo lako linaamka kabla ya jogoo," mume akasema, akajifunika shuka.

Ujumbe ulitoka kwa mwanafunzi wake, binti mpole anayekaa mstari wa mbele. Uliandikwa hivi: "Shikamoo mwalimu. Mimi sitakuja chuoni tena. Ahsante kwa yote uliyonifundisha."

Mwalimu akaketi kitandani. Mtihani wa vitendo ulikuwa umekaribia, na asiyeufanya hapati cheti. Mama yake binti alikuwa dobi. Alifua nguo za watu ili mwanawe asome, na cheti hicho alikisubiri kama mtu anavyosubiri mvua. Sababu ya ujumbe ule mwalimu aliijua, ingawa hakupenda kuijua.

Wiki iliyopita binti alishona suruali. Kitambaa chake kilikuwa pazia kuukuu la kwao, lenye maua makubwa ya manjano. Alisahau kulikunja kabla ya kukata, na vipande vyote vikatoka vya mguu wa kushoto. Basi akavigeuza vipande vya mguu mmoja, ndani vikawa nje, akashona hivyohivyo. Mguu mmoja ukachanua maua, wa pili ukapauka. Darasa likacheka, na binti mwenyewe akacheka.

Mwalimu akaipiga picha suruali, akaiweka kwenye stetasi yake. Chini akaandika, "Suruali ya usiku na mchana." Mwalimu mwenzake akaipeleka kwenye kundi la walimu. Kutoka huko ikawafikia wanafunzi, nao wakaigeuza stika. Haukupita muda, binti akapoteza hata jina lake. Akipita uani, wanasema, "Usiku na Mchana huyo."

Asubuhi ile mwalimu alimkuta jirani yake akifagia kibarazani. Alikuwa mshauri wa wanafunzi pale chuoni. Watu walimwita Bwana Taratibu, kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni. Mwalimu akamweleza yote.

"Lakini sikuweka jina lake," akajitetea. "Wala sura yake haionekani."

Bwana Taratibu akaegemea ufagio. "Taratibu, jirani. Chuo kizima, nani mwingine ana kitambaa kile?"

"Hakuna."

"Basi kitambaa ndiyo sura yake."

"Mwenyewe alicheka."

"Alicheka mbele ya mwalimu wake. Ulitaka afanyeje? Halafu darasa lina mlango, jirani. Mkicheka humo, kicheko kinabaki humo. Simu haina mlango."

Mwalimu akauliza kama kuifuta picha kutasaidia. Jirani hakumdanganya. Maji yakimwagika hayazoleki, alisema, lakini sakafu hupanguswa ili mwingine asiteleze. Afute yake leo, na awaombe wenzake wafute zao. Asiwatukane waliocheka, maana moto hauzimwi kwa petroli. Kisha amwombe radhi binti ana kwa ana, si kwa simu. Mwisho aombe radhi palepale alipoiweka picha, bila kuirudisha picha yenyewe.

Jioni mwalimu akaenda nyumbani kwa binti. Dirisha la nyumba ile lilikuwa na pazia upande mmoja tu. Upande wa pili palibandikwa gazeti. Mama alikuwa akikunja shuka za watu. Alipangusa kigoda kwa kanga yake, akamkaribisha mgeni akae. Binti alisimama mlangoni.

"Mwanangu, nimekukosea," mwalimu akasema. "Kosa lako lilikuwa la mkasi, na kosa la mkasi lina dawa. Mimi nilikutangaza bila kukuuliza. Naomba unisamehe."

Binti alitazama sakafu. "Suruali si kitu, mwalimu," akasema. "Wananiuliza kama dirisha letu sasa liko uchi."

Mama akaacha kukunja. Hilo hakuwa ameambiwa. "Pazia nilikupa mimi," akasema polepole, "na sikuona aibu."

Binti akajifuta macho. Akasema atarudi, lakini aitwe kwa jina lake.

Mwalimu alitimiza. Kwenye stetasi na kwenye kundi la walimu aliandika kwamba amekosea, akaomba kila mwenye picha aifute. Bwana Taratibu akaitisha mkutano wa walimu na wanafunzi. Walizozana kidogo, kisha wakakubaliana. Kazi ya mtu haipigwi picha kabla hajaulizwa. Akisema hapana, hasumbuliwi, hata kama aliyeuliza ni mwalimu. Stika ya kumcheka mtu ikikufikia, iishie kwako.

Binti aliporudi, aliikuta cherehani yake haina vumbi. Mwanafunzi anayekaa karibu naye alikuwa akiifunika kila jioni. Hakumwambia mtu.

Mama akatoa na pazia lililobaki. Safari hii binti hakulikunja kwa makusudi, akakata miguu miwili ya kulia. Mguu wa kushoto haukuwa na kosa, mwalimu alimwambia, ulikosa mwenzake tu. Binti akaifumua suruali ya zamani, akaunganisha upya kila mguu wa kushoto na wa kulia. Zikapatikana suruali mbili, zote zimechanua. Moja aliipeleka kwenye mtihani, akafaulu.

Mwalimu alikwenda kuwapongeza. Dirishani palikuwa na pazia jipya, kazi ya mikono ya binti. Mama alikuwa akianika nguo, amevaa suruali ya pili. Mwalimu akaitoa simu, kisha mkono ukasita.

"Naweza kuwapiga picha? Niiweke kwenye ukurasa wa chuo."

Binti akamtazama mama yake. "Hapana, mwalimu," akasema kwa upole. "Hizi ni zetu tu."

"Haya, mwanangu." Simu ikarudi mkobani, na hakuna aliyenuna.

Walipomaliza chai, mama akamsindikiza hadi njiani. Maua ya manjano yalicheza miguuni pake.

"Uje tena, mwalimu," akasema. "Na anayetaka kuiona suruali hii, uje naye. Mlango upo."