Mlango wa Nyumba Namba Nne

Wiki aliyohama Filister, nyumba namba nne ilianza kunuka maji ya ziwa, na mji wa Migori hauna ziwa.

Mwenye ploti, mzee Javan, karani mstaafu ambaye hata chumvi aliinunua kwa risiti, hakujali. Alikwishamwandikia Filister kwamba dipoziti hairudi, kwa sababu ya "kubonyeza mlango wa chuma kwa mchi, bila idhini." Ni kweli aliupiga. Nyawawa, roho wanaotoka ziwani jioni wakiandamana na upepo, hupita tu wakigongewa sufuria na mabati. Ploti nzima iligonga. Filister, mzaliwa wa kisiwa cha Mfangano huko ziwani, aligonga kwa moyo wote.

"Jaduong', mzee wangu, bila hiyo pesa sipewi ufunguo wa nyumba kule Homa Bay," Filister alimwambia kwa simu. " Nalala na watoto jikoni kwa shemeji."

"Nyar Mfangano, binti wa kisiwani, sheria ni sheria."

Javan akabandika tangazo getini: atakayegonga chochote, dipoziti yake imekwenda. Kisha, kuthibitisha kwamba hana ushirikina, akahamia namba nne mwenyewe.

Jioni moja upepo ukaja. Ploti ikanyamaza. Javan akasikia minong'ono ya watu wengi, kama soko linalofungwa, ikapita namba moja, ikapita mbili, ikapita tatu, ikasimama mlangoni kwake, na maji baridi yenye tope yakapenya chini, yakamlowesha soksi, huku chuma kikibonyea ndani polepole, kana kwamba umati mzima umekiegemea bila haraka yoyote. Akashika sufuria. Mkono ukagoma kuinuka.

"Celestine!" akamnong'oneza jirani kupitia ukuta. "Gongeni!"

"Na dipoziti yangu, Jaduong'? Tangazo si liko getini?"

Akampigia Filister.

"Nyathina, mwanangu, wewe wanakujua. Gonga hata kwenye simu, nitakuwekea spika."

"Tuma dipoziti yangu kwanza."

Javan alituma yote kwa simu, na ada ya kutolea. Filister akausoma ujumbe taratibu, akahakikisha jina.

"Imeingia, Jaduong'. Asante sana."

"Basi gonga!"

Shemeji alikuwa ameshamnyooshea mchi. Filister akautazama, akawatazama watoto waliolala sakafuni, kisha akaurudisha kwenye kinu.

"Mimi nilihama, Jaduong'. Ulale salama."

Hakukata simu. Alisikiliza bawaba zikikatika moja moja, kisha sauti nyingi, kwa adabu kubwa, zikipiga hodi zikiwa zimeshaingia.