Fundi Asiyepima

Pindo la kikwembe alichojifunga Lydie lilinaswa na mnyororo wa pikipiki katikati ya soko, saa ya watu wengi. Beseni lake la ndakala, samaki wadogo wakavu, liliyumba kichwani. Watu wakacheka. Kutoka kwenye baraza la cherehani akaja fundi Adalbert, shati jeupe limepigwa pasi, mkasi mkononi.

"Usivute, Mama. Utabaki uchi mbele ya wateja wako."

"Papa, unasaidia ao unacheka?"

"Vyote viwili. Kucheka silipishi."

Alimshonea pindo palepale, na kabla ya jua kuzama alikuwa na namba yake ya simu.

Adalbert alikuwa mjane, na alikuwa na majivuno. Hakumpima mteja. Alimtazama mara moja, kisha akamuwaza. Kuwaza, kwa fundi kama yeye, ni kuiona nguo imekwisha kumkaa mtu mwilini kabla mkasi haujagusa kitambaa.

"Unaniwaza?" Lydie alimwuliza kwenye simu, miezi michache baadaye.

"Nakuwaza mpaka sindano inanichoma, mupenzi."

"Ikuchome tena."

Familia ya Lydie ilipopanga kumpokea Adalbert kama mchumba, akaomba kumshonea Lydie blauzi ya siku hiyo. Kitambaa cha manjano, maua ya buluu, mikono yenye marinda. Aliipeleka mwenyewe Jumamosi, akakaa uani kwa shangazi ya Lydie, Mama Philomène, kungoja sifa.

Lydie alitoka ndani akiishika blauzi kifuani. Haikufungika. Mikono iliishia juu ya viwiko. Yeye ni mrefu, mwenye kifua na mabega mapana.

"Fundi," akasema Mama Philomène, "umeshonea mutoto wa komunyo ya kwanza?"

Wanawake wakacheka, isipokuwa jirani mmoja, Mamie. Yeye alisema polepole, "Ingemutosha marehemu Domitille."

Kicheko kikakatika. Adalbert aliiangalia blauzi na kumwona mke wake aliyezikwa: mfupi, mwembamba, mabega ya ndege. Damu ilimpanda masikioni. Aliondoka bila kuaga.

Akazima simu. Lydie alipiga asubuhi, akapiga jioni, akaamini kwamba mwanamume huyu amejuta kumchumbia. Siku ya tatu alikwenda mwenyewe, akasimama mbele ya cherehani.

"Kama hunitaki, sema. Usinifiche simu kama mudeni."

"Si hivyo. Nasikia haya."

"Ulikuwa unamuwaza nani ulipokata?"

Alitaka kusema uongo. Ulikuwa mdomoni tayari. "Nilianza na wewe," akajibu, akiangalia sakafu. "Mikono ikamaliza na yeye. Hata sikujua."

"Na kwenye simu?"

"Mara nyingine."

Lydie alikaa juu ya kiti cha wateja. Machozi yalimtoka, akayaacha.

"Sitagombana na muntu aliyekufa. Alikupenda, apumzike. Lakini mimi niko muzima, Adalbert. Usiniwaze. Niangalie."

Akamwangalia. Bega lake la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia, kwa sababu ya mabeseni. Kwenye kiwiko palikuwa na kovu la moto wa kukaushia samaki. Miezi yote hiyo alimwita mpenzi, na hakuwa ameviona. Aibu hiyo ilimuuma kuliko ile ya uani.

"Naomba unipeleke kwa wazazi wako," akasema.

"Utakuja Jumapili. Nitavaa nguo yangu ya kawaida. Watauliza ile mupya iko wapi, na utajibu wewe, si mimi."

Jumapili waliuliza. Adalbert alisimama mbele ya baba mkwe, wajomba na Mama Philomène, kofia mikononi. Alieleza yote: kwamba alijisifu, kwamba alishona akimwona mwingine, kwamba anamwomba Lydie kama alivyo. Alisema yote hayo akiwa ameinamia viatu vyake.

Ndipo Lydie alipotoka nyuma ya wanawake, akaja kusimama karibu naye.

"Inua kichwa, papa," akasema kwa sauti ya chini. "Niko huku."