Kosa la Mkono wa Mama

Kila asubuhi Kidoti alimfungia mama yake vifungo vya blauzi. Zamani mama alivifunga mwenyewe huku akiimba. Siku hizi alikaa tu ukingoni mwa kitanda, macho mazito, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake.

"Bado unauma?"

"Umechoka tu, mwanangu. Na hayo yabaki humu humu ndani. Watu wakisikia, watatafuta mwingine."

Mama alikuwa mpiga piano, tena kiongozi wa okestra. Kazi zote mbili alizifanya kwa pamoja: aliketi kwenye piano akipiga, na kila mkono mmoja ulipopata nafasi, aliuinua kuwaongoza wanamuziki. Mikono yote ilipobanwa, aliwaongoza kwa kichwa na macho. Kwa miaka mingi alitoka uwanja wa ndege akaingia ukumbini, akatoka ukumbini akarudi uwanja wa ndege. Sifa alizipata, lakini usingizi ulimpiga chenga.

Jumamosi moja Kidoti alifuatana naye kwenye mazoezi ili amfungulie kurasa za nota. Onyesho lilikuwa kesho yake. Nyuma kabisa ya wanamuziki alisimama mzee mpiga ngoma, ambaye wote walimwita Babu Radi kwa ajili ya kishindo chake.

Walipofika pahali penye kasi, vidole vya mama vilijikwaa. Piano ikachelewa, ngoma ikaingia peke yake: pu!

"Babu Radi!" mama alifoka. "Mbona unawahi?"

"Samahani, kiongozi."

Wakarudia. Vidole vikajikwaa tena, ngoma ikalia tena peke yake. Mama akapandwa na hasira.

"Kama kuhesabu kumekushinda, kesho kaa nyumbani!"

Mzee aliweka chini fimbo zake. "Huenda ni uzee," alimwambia jirani yake kwa sauti ya chini. "Masikio yameanza kunidanganya." Akaanza kuvaa koti.

 Kidoti alikuwa ameahidi kunyamaza. Lakini mzee alikuwa ameshaufikia mlango.

"Mama, yeye hakuwahi," alisema. "Ni wewe uliyechelewa. Mkono wako unauma."

Babu Radi akageuka mlangoni. Mama akafunika piano, akaomba mapumziko, akamvuta binti yake hadi chumba cha kubadilishia nguo.

"Nilikuambia nini?"

"Ninyamaze. Lakini babu wa watu alikuwa anaondoka kwa kosa lisilo lake."

 Mama akaketi, akalia kimyakimya, kama mtu aliyechoka mpaka hasira imemwishia.

Mchana huo daktari aliupima mkono. Kano zilikuwa zimevimba. Piano marufuku kwa miezi kadhaa. Kuongoza angeweza, lakini kwa mkono wa kushoto tu.

Kesho yake, kabla ya onyesho, mama alisimama mbele ya wenzake. Pembeni yake alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, aliyekubali kupiga piano badala yake.

"Babu, masikio yako ni mazima," alisema. "Mkono wangu ndio mbovu, nami niliuficha. Nisamehe."

"Afadhali," Babu Radi alijibu. "Nilikuwa nimeshaanza kuulizia vifaranga, nikafuge kuku."

Wote wakacheka, na mama pia, kidogo.

Onyesho lilikwenda vizuri. Waliporudi nyumbani, mama alijitupa kitini.

"Bado umenikasirikia?" Kidoti aliuliza.

"Jana, ndiyo. Leo sina hata nguvu za kukasirika." Akamvuta karibu. "Nilidhani nikificha maumivu nitaumia peke yangu. Kumbe nilimuumiza mzee wa watu, na wewe nikakubebesha siri isiyokufaa. Ukiumwa, sema mapema. Na ukimwona mtu anaonewa, sema pia, hata kama anayemwonea ni mama yako."

Kidoti alitaka kujibu, lakini mama alikuwa ameshalala, kinywa wazi, anakoroma.