Bitana ya Mtoto wa Swala

Jioni hiyo nilikuwa nimetoka kununua uzi wa nta kwa fundi viatu. Uzi tu. Sikuwa nimetoka kutafuta mambo ya watu.

Jua lilikuwa linazama nami nilikuwa naharakisha, kwa sababu macho yangu yakikutana na giza yanagoma kazi. Njia fupi ya kurudi kwangu inapita mbele ya nyumba ya Ngazi. Kwa miezi minane nilikuwa nikifika hapo natema mate chini. Sikujificha. Nilitema watu wakiona, na siku nyingine nilisimama kabisa nikasubiri mdomo ujae.

Ngazi ndiye aliyemuua mwanangu.

Hilo ni jina la utani, kwa ule urefu wake. Tangu ana miaka kumi na mbili akisimama mlangoni kwangu chumba kinaingia giza. Alikula kwangu kuliko alivyokula kwao. Yeye na kitinda mimba wangu walikuwa ulimi na mate. Wakakua, wakachukua vibali vya kuwinda, wakanunua bunduki, kila mmoja na darubini yake juu ya mtutu. Siku moja, jua likielekea kuzama kama hivi, mwanangu aliinama bondeni kufunga kamba ya kiatu. Ngazi alikuwa juu kilimani. Akatazama kwenye darubini, akafyatua. Risasi moja. Chini ya bega la kushoto.

Polisi waliuliza, wakaandika, wakasema ni ajali. Bunduki wakaondoka nayo, darubini wakaifungua wakamwachia. Na Ngazi akabaki na neno lake lile lile moja: "Niliona swala." Hakusema kivuli, wala kitu mfano wa swala. Swala, mwenye masikio na pua.

Nilimjibu pale pale makaburini. "Mwanangu alikuwa na shati jekundu. Huyo swala wako shati alishonewa na nani?"

Watu waliinamisha vichwa.

Sasa jioni hiyo nilimkuta mke wake amesimama nje, kama ananingoja mimi. Akanishika mkono kabla sijatema.

"Mama, ingia kidogo."

"Nikiingia nitawachafulia nyumba. Sijatema bado."

"Tema humu humu ndani, nitapiga deki. Lakini ingia. Hali, halali, jina lako ndilo analotaja tu."

Nikaingia. Msidhani ni huruma. Nilitaka kuona amekonda kiasi gani.

Alikuwa amekonda vya kutosha. Alikaa ukingoni mwa kitanda, magoti yamefika karibu na masikio. Dirishani walikuwa wamepigilia blanketi kwa misumari. Chumba kilikuwa na harufu... nikasimama nikainusa. Majani mabichi yaliyolowa. Na maziwa. Maziwa yale ya moto, ambayo hayajapoa bado kutoka kwenye chuchu.

Juu ya meza kulikuwa na kitu kimoja tu. Nilikijua kabla sijakikaribia, maana kazi ya mkono wangu naijua hata nikiwa nimefumba macho.

Shule mimi nilifika mlangoni nikarudi, lakini nipe kitu kigumu nikushonee. Turubai, mikanda, mifuko ya ngozi. Na makava ya darubini za bunduki. Kioo cha darubini kikiingia vumbi au mkwaruzo, mwindaji anabaki kuwinda ukungu, kwa hiyo wanakuja kwangu. Darubini inavaa kava langu kama mguu unavyovaa soksi. Turubai nje, lastiki huku na huku, ndani bitana laini inayogusana na kioo.

Hili la mezani nilikuwa nimelishona mimi. Lakini lilikuwa limenenepa.

Sitanii. Mishono yangu mimi huibana kama meno. Pale ilikuwa imeachana, uzi umekaza hadi umekuwa mweupe, kama nguo ya mjamzito aliyekataa kununua nyingine.

"Umetia nini humu?"

"Darubini, Mama. Ile ile."

"Imepata mimba?"

Hakucheka. Aliweka kidole mdomoni. "Sikia."

Kok.

Nikatazama sakafu. Saruji tupu na kandambili.

Kok... kok... kok.

Kitu kidogo, kigumu, chepesi. Kilipita nyuma ya kitanda. Kikazunguka. Kikaja upande wa meza, kikasimama karibu na mguu wangu kabisa. Halafu nikahisi pumzi kwenye muundi. Ya moto, yenye unyevu.

Sikupiga kelele. Nilitazama chini: hapakuwa na kitu.

"Kila jua likizama," alinong'ona Ngazi. "Kinazunguka, kinasimama hapo. Kwenye kava."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipotoka kumzika."

Akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mchoma mkaa.

"Mama, vua hilo kava. Tazama wewe mwenyewe. Ukiona watu kama watu, nitatoka nje sasa hivi niseme mbele ya wote kwamba nilimuua makusudi. Nitasema lolote unalotaka. Lakini ukiona nilichokiona mimi..."

Akalisukuma kava kuelekea kwangu.

Nilielewa vizuri nilichowekewa mezani. Chuki ile ndiyo iliyokuwa ikiniamsha asubuhi. Ndiyo niliyokuwa nakula na kunywa tangu kitanda cha mwanangu kibaki kimetandikwa. Kama kioo kilikuwa kizima, chuki ilikuwa haki yangu nami ningezeeka nayo. Kama si kizima, ningebaki na nini?

Nikashika lastiki, nikavuta. Kava halikuja. Nikakanyaga mguu wa meza, nikavuta kwa mikono miwili. Likatoka ghafla, na sauti ndefu, kama mtu aliyekuwa amezama akapata hewa. Ndani likageuka nje, mkononi mwangu.

Manyoya.

Marefu. Ya kahawia. Yenye joto.

Hapo ndipo nilipokumbuka.

Mzee aliyenifundisha kushona alikuwa na masharti mengi ya kipuuzi, na moja lilikuwa hili: kioo cha mwindaji usikilaze ndani ya ngozi ya anayewindwa. Kitamzoea, alisema. Kitamwona kila mahali. Nilimcheka mbele ya meno yake yote mawili. "Kioo hakina kichwa, kitaota nini?" Hata hivyo bitana zangu zote nilizikata kwenye mablanketi makuukuu, si kwa kuogopa, kwa sababu blanketi hupatikana kirahisi.

Isipokuwa moja.

Kitinda mimba wangu alirudi siku moja na kingozi mkononi. Mtoto wa swala, wa siku chache tu, manyoya mafupi laini kama sikio la paka. "Mama, mshonee Ngazi kava. Kioo chake kinaharibika. Bitana tia hii, nataka kumpa zawadi."

"Huoni haya? Kitoto kama hiki?"

"Nilikosea shabaha, nilikuwa namtafuta mkubwa." Akacheka kidogo, lakini hakunitazama. "Mama yake alizunguka pale bondeni siku tatu. Analia. Kama wewe nikichelewa kurudi."

"Toka hapa," nilimwambia. Nikatia sindano uzi, nikashona. Mishono midogo, mizuri. Maneno ya yule mzee yalinipitia kichwani nikayafukuza kama nzi.

Bonde lilikuwa lile lile. Alianguka kwenye bonde lile lile.

Mke wa Ngazi alikuwa ametoka uani kuanua nguo. Nikalivuta blanketi la dirishani, misumari ikaruka. Nje mwanga ulikuwa umebaki kidogo. Niliiona kamba ya nguo, nikamwona yeye amenipa mgongo, shuka begani.

Nikaweka darubini kwenye jicho.

Kamba ipo. Shuka lipo, limeanguka chini.

Mwanamke hayupo.

Alikuwapo swala. Jike, mkubwa, amesimama katikati ya nguo zilizoanikwa. Sikio moja lilikuwa linacheza. Nikaondoa darubini: mke wa Ngazi, ameinama anaokota shuka. Nikairudisha: swala, ameinamisha kichwa ananusa ardhi. Ananusa hapa, ananusa pale, kama anayetafuta.

Kisha akainua kichwa akanitazama mimi.

Mimi si mtu wa kusema mnyama anajua hiki au kile. Nimechuna wengi, nimekula wengi. Lakini ule mtazamo niliutambua. Ndio niliokuwa nikimtazama nao Ngazi kwa miezi minane.

Nikaiweka darubini kitandani, taratibu, kama yai.

"Umeona?" alinong'ona.

"Nimeona."

"Ni mke wangu, Mama. Namwona hivyo mke wangu. Wangeniachia bunduki..."

"Nyamaza. Nisikilize."

Nikamwambia yote. Kingozi, mzee wangu wa meno mawili, sindano yangu. Sikupunguza kitu. Nilipomaliza, chumba kilikuwa kimeingia giza na kok kok imekwisha. Nilitarajia anitukane. Ningefurahi angenitukana.

Alisema tu, "Aliniambia nilitunze. Alisema, mama yangu amelishona vizuri, ukilipoteza atatuchapa wote wawili."

Akalia kwa sauti, mtu mzima wa urefu ule. Mimi nilikaa karibu yake kitandani. Kulia sikuweza. Nilimwekea mkono mgongoni, nikawa nahesabu mifupa.

Nilipotoka nilisimama barabarani, pale pale nilipozoea kutema. Jirani alikuwa kwenye kizingiti cha mlango wake anapepeta mchele, na wanawake wengine watatu wanapita na ndoo. Nikawaambia, "Ngazi hakusema uongo. Mkosaji ni mimi." Wakatazamana. Mmoja alinong'ona kwamba uchungu wa mtoto umenipanda kichwani. Nikamwambia nimemsikia, na kichwa changu ni kizima kuliko hiyo ndoo yake inayovuja.

Nikaondoka na darubini na kava.

Kesho yake kukipambazuka nililifumua. Wembe, mshono kwa mshono. Nilipokata ule wa mwisho ngozi ilijikunjua yenyewe mezani, ikateleza hadi ukingoni, ikaning'inia. Kingozi nilichokata mimi kilitosha viganja viwili. Hii ilifunika meza. Ya swala aliyekomaa.

Ilikuwa na tundu. Dogo, la mviringo, manyoya yameungua pembeni. Ngozi yenye tundu mimi sishonei bitana, muulizeni yeyote anayenijua.

Lilikuwa chini ya bega la kushoto.

Tulikwenda bondeni mimi na Ngazi, yeye na jembe, mimi na ngozi nimeifunga kwenye shuka jeupe. Tukaizika pale mwanangu alipoinama kufunga kiatu. Sikujua maneno ya kusema kwenye maziko ya namna ile, na sidhani yapo.

Darubini niliishonea kava jipya, bitana ya blanketi, nikaifungia kwenye sanduku langu la bati. Ngazi sasa anakula, analala. Jioni anakuja kwangu, anakaa kwenye kigoda, magoti masikioni, ananitilia uzi kwenye sindano maana macho yangu yamekwisha. Watu wanasema nimesamehe. Hawajui ni nani anayemsamehe nani.

Lakini kile kitu hakikwenda.

Kilihama tu. Jua likizama nakisikia uani kwangu. Si ule mguu mdogo tena. Huu ni mzito, wa mkubwa. Unazunguka nyumba pole pole, unapita jikoni, unapita dirisha langu, unakwenda kusimama nyuma, kwenye chumba cha kitinda mimba wangu. Hapo unakaa muda. Naisikia pumzi.

Ngazi anaacha uzi. Ananitazama. Mimi nalitazama sanduku.

Maana nimewaza jambo, na likishaingia kichwani halitoki. Kioo kile kinamwonyesha mtu akiwa swala. Sasa huyo aliyesimama gizani kwenye dirisha la mwanangu, nikimtazama kwa kioo kile... nitaona nini? Nitaona mama aliyekuja kutafuta wake? Au nitaona shati jekundu?

Kila jioni mkono wangu unafika kwenye kufuli. Kila jioni naurudisha mapajani.

Sijui naogopa kipi zaidi, kumwona au kutomwona.

Jana pumzi ile ilikawia kuliko siku zote. Ngazi aliichomeka sindano kwenye turubai. Nikainuka, nikaenda hadi chumba cha nyuma, nikasimama karibu na kitanda kilichotandikwa. Dirisha lilikuwa limefungwa. Upande wa pili, kitu kilikuwa kinausugua uso wake kwenye ubao, taratibu.

Nikaweka kiganja kwenye ubao. Ulikuwa na joto.

"Nenda nyumbani," nilimnong'oneza. "Hata wangu hajarudi."