Msomaji wa Sura ya Mwisho

Siku ya tatu bila umeme, nusu ya mji wa Mocímboa da Praia ilikuwa imebanana sokoni mbele ya kibanda cha Lourenço, kila mmoja na simu yake mkononi kama mgonjwa na kadi ya hospitali. Lourenço alikuwa na paneli mbili za jua juu ya bati na soketi ishirini, na watu walipita mia. Hapo ndipo Zuleica alipokuwa akimsimulia shoga yake Delfina, kwa sauti iliyowafikia hata wauza dagaa, kwamba mwandishi mmoja wa Dar es Salaam amemkosea adabu.

"Mwishoni muuaji ni mjomba aliyerudi kutoka Ulaya," alisema. "Nikarudi mwanzo kumtafuta huyo mjomba. Sura ishirini na mbili, hayumo hata kwa jina. Huo si upelelezi, hiyo ni dharau."

"Ukarudi mwanzo?" aliuliza mwanamume aliyebanwa nyuma yao. "Kwani ulianzia wapi?"

Zuleica aligeuka. Alikuwa amejifunga kapulana ya njano yenye samaki wa buluu, uso ameupaka msiro, ile dawa nyeupe ya urembo, na miwani yake ilikuwa imefungwa uzi upande mmoja. Mwanamume alikuwa mrefu, nywele zimejaa vumbi la saruji, na mfuko wa shati umelemewa na bisibisi.

"Naanzia sura ya mwisho," alimjibu. "Sipendi kumzoea mtu halafu afe. Una neno, kaka?"

Hakuwa na neno, ila alitaka namba yake ya simu. Zuleica alimwambia mtu asiye na chaji ataka namba ya nini. Lakini alimpa.

Mchana wa siku hizo Zuleica alikuwa karani wa shule ya msingi, akigonga mihuri. Ijumaa baada ya swala alikuwa mtu mwingine kabisa. Alirekodi sauti na kuituma kwenye kundi la wasomaji la WhatsApp, lenye watu kutoka Pemba, Palma, Mtwara hadi Lindi, akitoa maoni yake kuhusu riwaya za upelelezi za kwenye simu. Ni zile ambazo waandishi huzichapisha wenyewe bila kampuni, jalada wamelitengeneza wenyewe, na wanaziuza wenyewe kwa ujumbe wa simu. Alizipenda kwa moyo wote, ndiyo maana hakuzionea huruma. Hakuwasamehe wanaoweka kisu chenye damu kwenye jalada ilhali ndani marehemu kalishwa sumu, wala inspekta anayevaa koti zito kwenye jua la Lindi, na zaidi ya wote mwandishi anayemuua msichana ukurasa wa kwanza kabla hajampa jina. Waandishi walimwogopa, na bado walimtumia vitabu vyao.

Yule mwanamume aliitwa Abdurrazaque. Zuleica alimkata jina akabaki Razaque. Alikuwa fundi umeme, akitia nyaya katika nyumba ambazo wenyewe walikuwa wakirudi kuzijenga upya baada ya vita. Alimpigia kila siku saa sita mchana, akiwa juu ya ngazi, na mazungumzo yao hayakuwa na kichwa wala miguu. Wiki ya pili akakiri kwamba yeye ndiye Fundi Fyuzi, mwandishi wa riwaya ambayo Zuleica alikuwa ameichana kwa maneno mwaka uliopita mbele ya kundi zima.

"Ndiyo maana mpelelezi wako kila sura anabadilisha balbu," Zuleica alicheka hadi akavua miwani. "Mbona hukunijibu siku ile?"

"Ulisema mpelelezi wangu hali chakula. Nilirudi kusoma, nikaona kweli, kurasa mia mbili hajala. Ningekujibu nini, mpenzi?"

Hilo neno mpenzi lilikuwa la kwanza, na Zuleica alijifanya hakulisikia. Jioni akamwambia Delfina, na Delfina akaambia nusu ya mtaa.

Walipendana, nisizungushe maneno. Na mtu anayependwa hufungua hata mlango aliokwisha kuupigilia misumari. Jumamosi moja, Razaque akiwa ameketi kwenye baraza la nyumba aliyoimaliza kutia taa, Zuleica alimweleza sababu ya kweli ya kuanzia mwisho.

Agosti ya mwaka 2020 yeye alikuwa masomoni Pemba, ule mji wa kusini mwa pwani hiyohiyo, si kisiwa. Mji uliposhambuliwa, mama yake, Bi Mariamo, alikimbia na mdogo wake, Adamo, wa miaka kumi na tisa, kwa njia ya msituni kuelekea Mueda. Risasi ziliwatawanya. Mama alifika Mueda na watu asiowajua. Adamo hakufika, wala hakuna aliyeleta habari zake, za uzima wala za kifo. Alikuwa na fulana ya njano na jino la mbele lililokatika kwa mpira. Miaka yote hiyo Bi Mariamo alikataa hitima. Alisema hamsomei hitima mtoto aliye hai, na kila alfajiri alitoka kusikiliza mlango.

Razaque aliuliza, "Fulana ya njano?" Akauliza tena, kana kwamba hakujibiwa. Kisha akaanza kukusanya bisibisi zake.

Tangu siku hiyo alibadilika. Simu za saa sita zikawa za mara moja kwa wiki, na alipopiga alikaa kimya zaidi kuliko alivyosema. Zuleica alidhani kuna mwanamke mwingine. Alimuuliza, akaapa hakuna. Alimuuliza basi kuna nini, akasema kazi. Delfina alimwambia mwanamume akisema kazi, tafuta jina la hiyo kazi. Miezi miwili ilipita hivyo, na Zuleica alikonda.

Kisha asubuhi moja riwaya mpya ya Fundi Fyuzi iliingia kwenye simu yake, nzima, kabla haijauzwa kwa mtu. Chini yake palikuwa na maneno machache: *Isome kwa njia yako. Nakungoja.*

Akaisoma kwa njia yake. Alifungua sura ya mwisho palepale ofisini, muhuri mkononi. Mpelelezi wa kitabu, akikimbia msituni, anamkuta kijana ameegemea mkorosho. Kijana ana fulana ya njano na jino lililokatika. Anaomba maji, anakunywa, anakufa. Mpelelezi anamzika, anatembea hadi Mueda, na kitabu kinakwisha.

Alimpigia akiwa uani mwa shule, amesimama nyuma ya choo ili walimu wasimsikie.

"Umemuua mdogo wangu ili upate mwisho mzuri," alisema.

"Zuleica, nisikilize kwanza. Nataka nije nyumbani, nizungumze na wewe na mama."

"Na mama? Umwambie nini, kwamba umemweka kitabuni? Mama yangu anamngoja huyo mtu. Nilikupa siri yangu, wewe ukaifanya biashara."

Alikata simu akamfungia njia zote. Alilia, akanawa uso, akarudi kugonga mihuri.

Ijumaa hakusubiri hata chakula kishuke. Alirekodi dakika tisa. Aliwasomea wasomaji aya nzima ya kijana chini ya mkorosho, neno kwa neno, akasema mwandishi huyu ameiba msiba wa watu waliomwamini. Kisha, kwa kuwa hata katika hasira jicho lake la msomaji halikulala, akaongeza: "Na tena ni mwongo. Shujaa wake anamzika mtu kwa mikono, anatembea siku mbili hadi Mueda, anafika safi kama bwana harusi. Hakuna mtu aliyetoka kwenye njia ile hivyo. Mwandishi anaficha kitu."

Kundi lilishika moto. Watu waliomsifu Fundi Fyuzi mwezi uliopita walimwita fisi. Yeye hakujibu hata neno moja. Zuleica aliketi uani akaicheza tena sauti yake mwenyewe, maana hasira nayo ina utamu wake. Hakujua kwamba nyuma yake Bi Mariamo alikuwa kwenye mkeka akimenya mihogo.

"Rudisha hapo," Bi Mariamo alisema.

"Hapo wapi, mama?"

"Pa suruali."

Zuleica akarudisha. Sauti yake ilisoma kwamba pindo moja la suruali ya kijana lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa nyavu, wa kijani, mishono mikubwa.

Bi Mariamo aliweka kisu chini. Alisema asubuhi ile pindo la Adamo lilifumuka, likawa linaburuta, na angejikwaa katika kukimbia. Uzi mwingine haukuwepo ndani. Akamshonea amesimama, kwa uzi wa nyavu, risasi zikisikika upande wa bandari.

"Wewe ulikuwa Pemba," alisema. "Sikupata kukwambia, nani anakumbuka pindo? Sasa huyu amelionaje?"

Zuleica alizima ile sauti. Alimfungulia Razaque njia akamwambia neno moja, njoo.

Alikuja alasiri ileile, amevaa kanzu, bila bisibisi hata moja. Bi Mariamo alimkaribisha mkekani. Razaque alimwamkia shikamoo, akaketi mbele yake.

"Mama, si mpelelezi," alisema. "Ni mimi. Nilimkuta siku ya pili ya kukimbia. Alikuwa na jeraha la risasi ubavuni. Nilimpa maji yaliyobaki. Alipokata roho sikuwa na maji ya kumwoshea, nikamtayamamisha kwa vumbi. Nikachimba kwa sahani, nikamswalia peke yangu. Jina lake sikulijua."

Akageuka kwa Zuleica.

"Ulisema mwandishi anaficha kitu. Ni kweli. Nilikuwa pekupeku, miguu imechanika. Nilichukua viatu vyake. Nimefika Mueda kwa viatu vya maiti, na siku uliponitajia fulana ya njano nilijua ni vya nani. Nilishindwa kusema kwa mdomo. Nikaandika, na hata kuandika nikaviruka viatu."

"Miezi miwili," Zuleica alisema. "Miezi miwili unajua, na mama anatoka kila alfajiri kusikiliza mlango. Ulikuwa unanipigia simu unanyamaza, kumbe ulikuwa na hili."

"Niliogopa ungeniangalia ukaona viatu tu."

Zuleica alikuwa na mengi ya kumwambia, na mengine alistahili. Lakini mama yake aliinua mkono.

"Anayemwosha maiti hupewa nguo zake," Bi Mariamo alisema. "Ndivyo tufanyavyo hapa. Wewe ulimwosha kwa kile ulichokuwa nacho. Viatu vilikuwa haki yako, hukuiba." Akashika ncha ya mkeka. "Alisema nini?"

"Mama?"

"Mtu hafi hivihivi. Alisema nini?"

Razaque alifuta uso kwa mkono wa kanzu. "Aliniuliza kama nimemwona mama yake njiani. Nikamwambia nimemwona, ametangulia, yu salama. Nisamehe. Sikuwa nimekuona. Nilisema tu ili atulie."

Bi Mariamo alimtazama.

"Nilikuwa nimetangulia," alisema.

Kisha akalia. Kilikuwa ni kilio cha miaka iliyorundikana, na majirani walioijua nyumba ile wakaingia mmoja mmoja bila kuuliza, wanawake wakavuta mikeka. Delfina alifika akakuta mtu analia na mwingine anakoka moto, akatwaa ndoo akaenda kisimani.

Zuleica alimsindikiza Razaque hadi nje. Alimwambia bado ana hasira naye, na hasira yenyewe hajui itaisha lini. Alimwambia pia kwamba usiku hajalala tangu alipomfungia njia, na kwamba asidhani hayo mawili hayawezi kukaa katika kifua kimoja. Kwa kundi la wasomaji atasema mwenyewe alivyokosea, kwa sauti ileile na kwa jina lake.

"Na mimi nifanye nini?" Razaque aliuliza.

"Alhamisi tunamsomea hitima. Uje. Mengine yangoje kwanza mama alale usingizi wa alfajiri. Nikimwona amelala, nitakwambia uwalete wazee wako."

Alhamisi uani palijaa. Maalimu aliuliza jina la marehemu, na Bi Mariamo mwenyewe akalitaja kutoka mlango wa ndani, Adamo, watu wote wakalisikia. Razaque alikuwa ameketi mwisho kabisa, karibu na njia, pamoja na wageni. Mjomba wa Zuleica alikwenda akamshika mkono akamwinua. Bi Mariamo alikuwa ameagiza kijana yule akae mbele, upande wa wafiwa.