Televisheni Isiyosubiri Kidole

Muuzaji alikuwa amewasha televisheni nne na kuzizima zote nne, na mke wa fundi bado alikuwa ananuna. Mwanamke huyo alikuwa mkaguzi kwenye kiwanda cha nguo. Kutwa nzima kazi yake ni kuvuta mishono ya watu na kuirudisha ikaanze upya, sasa ungetegemea awe mteja mwepesi? Ya kwanza rangi zilipauka. Ya pili ilikuwa na sauti ya mtu aliyejifunika blanketi. Ya tatu na ya nne zilifaa kwa sinema, lakini mume wake alipobonyeza padi ya gemu, mchezaji kwenye kioo alikaa kidogo ndipo akaruka.

"Zinachelewa," mkaguzi alisema.

"Mama, kwa bei unayotaka wewe..."

"Bei yangu ndogo. Macho yangu siyo madogo."

Wala hawakuwa wanatafuta starehe tu. Mume wake alikuwa fundi wa suruali, na miezi mitano nyuma kiharusi kilimwangusha. Mguu ulirudi, ulimi ukarudi, mkono wa kulia ukagoma. Ulikuwa unatetemeka ovyo, naye kwa aibu akawa anauficha chini ya meza hata mbele ya mke wake. Daktari wa viungo akaagiza: gemu nusu saa kila siku, vidole vijifunze upya kubonyeza. Vidole visiporudi, cherehani haifunuliwi tena.

Televisheni ya tano ilikuwa rafu ya chini kabisa, haina jina la kampuni, na muuzaji hakukumbuka iliingia lini. Bei ilikuwa ileile waliyokuja nayo. Fundi alipeleka kidole kwenye kitufe, na kabla hakijagusa, mchezaji akaruka.

Mkaguzi aliliona hilo vizuri sana. Mtu mwingine angetoka dukani mbio. Yeye alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Hii ndiyo haichelewi," alisema. "Tufungie."

Wiki ya kwanza nyumba ilichangamka. Fundi alishinda kila gemu, akacheka mpaka akashika mbavu, na jioni walitazama sinema wakibishana nani muuaji. Wiki ya pili ikaanza harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa. Mkaguzi alikagua matundu yote ya umeme, akakuta pasi kabatini, baridi. Kisha vikaanza vitufe. Padi imelala mezani, fundi yuko bafuni, na nyuma ya kioo kunasikika tk, tk, tk.

Daktari wa viungo aliushika ule mkono, akakunja uso. "Una baridi. Na vidole vimelegea kuliko mwezi jana. Kweli anafanya mazoezi?"

"Kila siku," mkaguzi alijibu.

Siku hiyo hakutazama kioo, alitazama mkono. Mchezaji alikimbia, akaruka, akapiga shuti, na kidole gumba cha mume wake kilikuwa kimelala juu ya kitufe, hakisogei hata kidogo.

"Unabonyeza?" alinong'ona.

"Si unaona ninavyobonyeza?" Fundi alikuwa anacheka.

Jumamosi mchana walifunga mapazia watazame sinema, na ilipofika sehemu ya giza, pale ambapo mwigizaji anashuka ngazi za chini ya nyumba akipapasa ukuta, mkaguzi alifungua mdomo aseme washushe sauti, lakini yule mwigizaji akageuka, akamtazama yeye, akasema kwa sauti ya mkaguzi mwenyewe, "Tushushe sauti," na harufu ya kitambaa kinachoungua ikajaa chumbani mpaka macho yakawatoka machozi, na katika weusi ule wa kioo, kwa ndani, ukajitokeza mkono mmoja wa kulia, wenye sugu ya mkasi kwenye kidole gumba na kovu la sindano kwenye cha shahada, ukawa unabonyeza kioo taratibu, tk, tk, tk.

"Mke wangu," fundi alisema kwa sauti ndogo. "Ule ni wangu."

Walimwita shangazi yake fundi, ambaye majini hayamshangazi. Alinusa akiwa mlangoni na kukataa kiti.

"Huyu anadaka nia," alisema. "Ukitaka tu, ameshafanya. Kiungo kinakaa bure, kinamzoea yeye, mwisho kinakuwa chake. Itupeni leo hii."

"Tuitupe na mkono wa mume wangu ndani?" Mkaguzi alipandisha sauti. "Hapana, shangazi. Televisheni nimeichagua mwenyewe, inabaki. Atoke yeye."

"Mwanangu, jini halitolewi kwa kelele."

Kioo kikawaka chenyewe. Mchezaji wa gemu alisimama katikati ya uwanja, akawatazama. "Mimi nampa ushindi," alisema. "Wewe unampa nini?"

Mkaguzi alikuwa na hasira kuliko woga. Alichukua padi, akaiweka mikononi mwa mume wake, akamtazama usoni.

"Usitake kitu," alimwambia. "Usikaze. Uache mkono utetemeke, hapa mbele yetu."

"Naona aibu."

"Aibu gani? Mimi ni mke wako."

Fundi alifumba macho, akauachia. Mkono ukaanza kidogo, kisha ukashika kasi, ukagonga vitufe ovyo bila mpango wowote, na mchezaji kwenye kioo akaenda kulia, akarudi kushoto, akaruka, akaanguka, akageuka huku na huku akitafuta nia ya kudaka asiione, na moshi ukatoka nyuma ya televisheni, na sauti ikalia kutoka ndani, "Anataka nini? Anataka nini huyu?"

Fundi akafumbua macho. "Mkono huu haunisikii mimi mwenye mali!" alipiga kelele. "Utakusikia wewe?"

Kikapasuka kitu kwa ndani, kioo chenyewe kikabaki kizima, pazia likapeperuka na dirisha limefungwa, kisha kimya. Harufu ilikata palepale. Shangazi alishika moyo na sasa ndipo akakaa.

Fundi alibonyeza tena. Alifungwa mabao saba na timu ya mwisho kwenye ligi. Katikati ya bao la nane aliiangusha padi, akaukumbatia mkono kifuani, machozi yakamtiririka.

"Unauma," alisema. "Mke wangu, vidole vyote vinauma!"

Mkaguzi aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili. Ulikuwa wa moto.

"Basi ni wako," alisema. "Okota padi, tunaendelea."