Plasta Tatu Mgongoni

Mzee Eino Kettunen alikutwa amekufa kitandani katika nyumba ya kutunzia wazee Jumamosi jioni, midomo imekuwa ya buluu, nywele bado mbichi kwa maji ya sauna, bafu la mvuke. Daktari wa polisi alipomgeuza, alikuta plasta tatu za dawa ya maumivu mgongoni. Mzee aliandikiwa moja.

Inspekta Rautio alifunguliwa kabati la dawa kali na muuguzi Henna, ambaye peke yake ndiye aliyekuwa na ufunguo zamu hiyo. Wakahesabu pamoja. Hakuna plasta iliyopungua.

"Basi hizi mbili zimemwota mgongoni kama uyoga?" aliuliza Rautio.

Henna akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye alibandika moja tu. Alikuwa na mtoto wa kunyonya nyumbani. Akifungwa, nani atamlea? Rautio akamjibu kwamba sheria hainyonyeshi. Hata hivyo akamuuliza kama plasta ya mzee iliwahi kupotea.

"Mara mbili. Niliambiwa zilibanduka sauna, zikaenda na maji. Nikaripoti, nikabandika mpya. Ilinipasa nizitafute, Inspekta. Sikuzitafuta."

"Nani alikuambia?"

"Binti yake, Päivikki. Ndiye anayemwogesha Jumamosi."

Päivikki alikuwa ukumbini, bado amevaa koti. Rautio akavuta kiti.

"Pole kwa msiba, dada. Zile plasta zilizoenda na maji, ulizificha wapi?"

"Ndani ya kifuko cha miwani."

"Za kuuza?"

"Nimuuzie nani, Inspekta? Bata wa ziwani?"

Hakucheka. Akaeleza kwamba kwa miezi baba yake alikuwa akisinzia tu, akimtazama kama mgeni. Henna alimfundisha kuibandua plasta kabla ya sauna, maana joto huivuta dawa mwilini upesi. Siku moja alichelewa kuirudisha. Baba akaamka, akamwita kwa jina, akauliza kama barafu ya ziwani imeshika. Tangu hapo Päivikki akawa anaibandua mapema, kwa siri. Mara mbili Henna alimkuta mzee hana plasta, na mara zote mbili binti akadanganya.

"Na leo?"

"Leo nilikawia mno, tulikuwa tunaongea. Maumivu yakamrudia, akalia. Baba yangu hakulia hata tulipomzika mama. Nikambandika plasta yake. Hakutulia. Nikaongeza zile za zamani, nikidhani zimeisha nguvu."

"Na ngozi ilikuwa bado ya moto."

"Ndiyo."

"Henna alikuonya."

"Alinionya. Lakini mimi nilikuwa nasikia kilio tu."

Rautio akainuka, akaenda kumwambia Henna arudi kwa mtoto wake. Kisha akamshika Päivikki mkono, wakatoka kwenye theluji. Mlangoni mwa gari Päivikki akasimama.

"Alitulia, unajua," alisema. "Nilimshukuru Mungu, nikamfunika blanketi."